Nani Alisema Mutoke Inje

Osée hakuwepo, lakini keki yake ilikuwepo. Ilikaa katikati ya meza, nyeupe, jina lake limeandikwa juu kwa sukari ya buluu, na mama yake, Mujinga, alisimama kando akiwafukuza nzi kwa kitambaa kama askari wa zamu. Mtu asiyeijua Lubumbashi angeuliza mnamfanyiaje sherehe mtoto aliye China. Pale mtaani Hewa Bora hakuna aliyeuliza. Mtoto akienda kusoma ng'ambo, siku yake ya kuzaliwa haisafiri naye. Inabaki kwa wazazi, nao wanaipikia na kuialikia majirani, ili jirani asije akasahau kwamba nyumba hii ina mtu Bulaya. China si Bulaya, hilo hata Mujinga alilijua. Lakini mtaani kila nchi inayofikiwa kwa ndege ni Bulaya, na anayebisha ni mwenye wivu.

Na wivu ulikuwepo, tusifichane. Osée alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa migodi, katika mji wa kaskazini ambao jina lake baba yake tu aliweza kulitamka, na alilitamka kila alipopata nafasi. Baba huyo, Adrien, alikuwa déclarant: kazi yake ni kuwatayarishia wenye malori karatasi za forodha za mpaka wa Kasumbalesa. Aliona kwa macho yake nani siku hizi anaingia kwenye migodi na nani anabaki nje ya geti. Anayeingia ni anayesema Kichina. Ndiyo maana aliuza kiwanja chao cha Naviundu, mahali walipotaka kujenga na kuzeekea, akampandisha mwanawe ndege. Sasa ilibaki miezi michache tu Osée arudi na diploma na ile lugha, na nyumba nzima ipumue.

Pembeni kabisa ya kochi alikaa Simone, mama yake Anaclet. Alikuwa mjane wa fundi wa reli, na aliishi Naviundu kwa kuuza mandazi. Anaclet alikuwa mwanawe wa pekee. Yeye na Osée walisoma darasa moja tangu utoto. Osée alipofika China ndiye aliyemwonyesha mwenzake njia ya kuomba bursa ya masomo, na sasa vijana hao walilala chumba kimoja. Kwa hiyo Simone alialikwa, ila alialikwa jinsi anavyoalikwa mtu aliyesaidiwa: kwanza aoshe sahani, kisha akae. Adrien mwenyewe, kwa furaha ya siku, alimfungulia chupa ya Simba.

"Leo lazima ukunywe, Mama Anaclet. Batoto bako bawili kule, wa kwako na wa kwangu."

"Papa Osée, pombe sikukunywa tangu bwana yangu alikufa."

"Atakusamehe."

Watu wakacheka, Simone akanywa. Bia ilimpanda upesi, maana asubuhi alikuwa hajala kitu. Usoni akawa kijana ghafla.

Plamedie, binti wa mwisho wa nyumba, aliegemeza simu kwenye chupa na kuwaita China. Uso wa Osée ukatokea, umevaa koti zito ndani ya chumba, na nyuma yake Anaclet na kijana mwingine wa Likasi aitwaye Jeannot. Huko kulikuwa kumeshakuwa jioni. Dirishani mwao theluji ilikuwa imelala juu ya kila kitu.

"Joyeux anniversaire, mutoto yangu!" Mujinga alipiga kelele, akidhani China ni mbali na sauti lazima itembee. "Balisha kukumwangia mayi?"

"Hapana, Mama. Huku haiko vile."

Pale sebuleni watu wakaguna. Lubumbashi hakuna anayetimiza mwaka akiwa mkavu. Uwe mwanafunzi, uwe mkuu wa ofisi, siku yako ikifika wenzako wanakuvizia na ndoo, na usipomwagiwa maji maana yake huna rafiki. Mujinga alimtazama mwanawe na nywele zake kavu, na ikamuuma kwa kweli. Alimwona ni mpweke.

"Anniversaire gani ya mukavu? Weye ulisha kuwa Mushinwa?"

"Mama, banakataza kumwanga mayi mu internat. Na baridi ya huku, Mama, ni baridi mubaya."

"Anaclet! Anaclet mutoto yangu, uko wapi? Kamata ndoo!"

"Niko, Mama," Anaclet alijibu akicheka, "mais mu nyumba banakataza kabisa."

"Kama mu nyumba banakataza, mutoke inje! Inje ni ya Mungu!"

Sebule nzima ikapiga makofi. Simone naye alipiga makofi, akacheka mpaka akashika ubavu, lakini hakusema neno. Maneno yale aliyasema Mujinga. Tuyaandike mapema, kwa sababu baadaye yatatafutiwa mwenyewe.

Vijana wakatoka. Jeannot alishika simu, na Hewa Bora yote ikaona ngazi za mbele za bweni, taa ya njano, na Osée akivutwa mikono huku akiapa kwamba atakufa. Anaclet akainua ndoo. Maji yakamwagika kichwani, mvuke ukapanda, Osée akapiga yowe kubwa na kuruka kama mbuzi, kisha akaanza kucheka, akicheka na kutetemeka, na kumwita mama yake. Mujinga alilia machozi ya furaha. Ndoo ya pili ikafuata. Kisha wakakimbilia ndani, na huku keki ikakatwa, na mvua ya Januari ikaanza kupiga bati hata hakuna aliyemsikia mwenzake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakufika kaskazini ya China. Kule yanazoleka, na kwa koleo, mradi mtu akumbuke kutoka nje kuyazoa. Hakuna aliyekumbuka. Mtoto wa Lubumbashi akimwaga maji uani anajua ardhi itayanywa na jua litamaliza kazi.

*

Jumanne, siku mbili baada ya sherehe, Adrien alikuwa nyumbani, anakula bukari, Osée alipopiga. Alimtaka baba, si mama. Hilo peke yake lilimfanya Mujinga aache sufuria na kusogea.

"Papa, iko mambo."

"Sema."

"Ile mayi ya dimanche iligeuka glace, barafu mutupu, ku escalier ya mulango. Kuko mama mumoja muzee, njo anashikaka funguo ya internat. Asubui sana alitoka kufagia. Aliteleza."

Adrien aliacha tonge kwenye sahani. "Alikufa?"

"Hayakufa. Iko ku hôpital. Mufupa ya kiuno ilivunjika, na kichwa ilipiga chini. Hasemi kintu."

Mujinga alikaa kwenye kigoda. Alimwona yule mwanamke waziwazi, ingawa hakuwahi kumwona: mwanamke wa rika lake, na ufagio, anaanza kazi yake mapema ili watoto wa watu wapate njia safi. Alitaka kuuliza jina lake, lakini Adrien alikuwa ameshainua kiganja kumnyamazisha.

Osée aliendelea kusema haraka haraka. Shule ilitaka mwenye kosa. Kamera ya mlangoni ilionyesha Anaclet na ndoo, lakini Anaclet alipoulizwa kwa nini alifanya vile, alijibu kwamba ilikuwa sherehe ya Osée, na kwamba waliambiwa kwenye simu watoke nje. Aliambiwa na nani? Na mama. Mama yupi? Walikuwa mama wawili pale kwenye simu, wote wanapiga kelele, mtandao unakwaruza, na yeye wote anawaita mama. Alhamisi ofisi ingemsikiliza Osée. Atakayeonekana ndiye chanzo atapoteza bursa na kurudishwa kwao. Wengine watapewa onyo.

"Ni miye," Mujinga alisema.

"Nyamaza," Adrien alimwambia bila kumtazama. Akasogeza sahani. Alikuwa na sura ile ile anayokuwa nayo mteja anapomletea lori lenye matatizo, na Mungu amsamehe, ndani yake kulikuwa na kitu kama raha, maana hapa angalau palikuwa na jambo analolijua.

"Osée, unisikilize muzuri. Ku frontière, muzigo haiwezi kukosa mwenyewe. Wakiikuta haina mwenyewe, banakamata camion muzima. Kwa hiyo tunaandika mwenyewe. Kosa nayo ni vile. Ya kwako ni kuangalia paka kitu kimoja tu: jina yako isikuwe pale. Kama ni mama yako njo alituma, fête ni ya kwako, ordre ni ya kwako, diplôme inaenda. Kama ni mama ya Anaclet njo alituma mutoto wake, weye uko victime. Balikumwangia paka mayi, na ulikuwa unakatala. Haukukatala?"

"Nilikatala."

"Basi. Haiko hata bongo, ni kweli."

"Papa, Anaclet ni ndugu yangu."

"Ndugu yako ni Plamedie."

Mujinga aliomba kimoyomoyo kwamba mtandao uwe umekatika. Haukukatika.

"Mama," Osée alisema. "Weye unasema nini?"

Kijana yule alikuwa na miaka ishirini na minne tangu Jumapili, na alikuwa anamwomba mama yake amkataze. Mujinga alilijua hilo kama anavyoijua sauti yake ya utotoni akiwa na homa. Akakitazama kichwa cha mumewe kilichoanza mvi, akamwona Osée anashuka uwanja wa ndege wa Luano mikono mitupu, na majirani wale wale waliokula keki wamejaa dirishani.

"Sikiliza baba yako," alisema.

*

Simone alifika kesho yake asubuhi, kwa miguu, kutoka Naviundu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na viatu vyake vilijaa matope mekundu, kwa hiyo alivivua getini bila kuambiwa. Mkononi alishika mandazi ndani ya mfuko wa plastiki, bado ya moto. Adrien alimkuta barazani akasema ngoja, akamletea kiti cha plastiki hapo hapo nje. Jumapili Simone alikuwa amekaa kochini.

"Papa Osée, Mama Osée, nilisikia mambo ya batoto. Sikulala." Aliweka mandazi juu ya mapaja, akayaondoa, akamkabidhi Mujinga. "Minaomba paka kitu kimoja. Baseme bote pamoja: tulikuwa tunacheza, shiye bote tulimwanga, shiye bote tunaomba pardon. Kosa bakiigawanya, kwa kila mumoja itakuwa kiloko. Haiwezekane bafukuze batoto batatu."

Lilikuwa wazo zuri. Pengine lingefaulu. Mujinga alimtazama mumewe kwa matumaini aliyoona aibu kuwa nayo.

"Madame," Adrien alisema, akakohoa, akaingia katika Kifaransa chake cha ofisini kama mtu anayevaa tai. "C'est une affaire purement administrative. Nous ne pouvons pas influencer l'instruction."

Simone aliacha shule darasa la nne. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa heshima, halafu akamgeukia Mujinga amfafanulie.

"Anasema nini?"

Adrien alikuwa amesema ni jambo la ofisi tu, hawawezi kuuingilia uchunguzi, na sasa ameshaanza kutazama simu yake. Mujinga alishika mfuko wa mandazi kwa mikono miwili. "Anasema tuombe Mungu," alijibu.

"Aksanti. Aksanti sana, Papa Osée." Simone alipumua. "Na miye nilijua. Nilimuambia Anaclet: usiogope, Osée iko kule, Osée njo alikuletesha, hawezi kukuacha. Mutoto yangu analia ku téléphone, Mama Osée. Mwanaume muzima. Anasema ile mama wa funguo alikuwaka anabachekea, anabapatia mayi ya moto ya chai. Asubui na jioni anaenda kusimama ku mulango ya hôpital, banamukatalia kuingia."

"Pole."

"Njo vile."

Alipoinuka, Adrien alitoa noti chache mfukoni akamshikisha: za basi. Hakuwa mtu mbaya, alifikiri. Mvua ilikuwa inarudi. Simone hakuja kuomba nauli. Alizitazama zile noti, akamtazama yeye, uso ukamwaka, lakini mtu anayemwombea mtoto wake hatupi kitu anachopewa. Alizikunja, akazitia kwenye fundo la kitenge, akashukuru tena, akaenda getini kuvaa viatu vyake.

Mandazi yakabaki mezani mpaka yakapoa. Plamedie aliporudi kutoka shuleni aliuliza yametoka wapi. Alipoambiwa, hakula.

*

Alhamisi hiyo Adrien hakwenda kazini. Alitembea uani huku na huku, akakemea watoto wa jirani, akarekebisha bawaba ya mlango ambayo haikuwa na neno. Simu ilipolia alikimbia.

"Ilipita, Papa," Osée alisema.

Sauti yake ilikuwa haipandi wala haishuki, kama ya mtu anayesoma tangazo. Alieleza yote. Walimuuliza ni nani aliyeamuru watoke nje, akasema ni mama yake Anaclet. Walimuuliza kama ana hakika, akasema anaijua sauti ile tangu utoto. Wakamwapisha, akaapa. Jeannot aliitwa baada yake, na Jeannot, aliyekuwa ameshika simu na kusikia kila kitu, alifikiria bursa yake mwenyewe akasema hakumbuki. Osée alipewa onyo la maandishi. Bursa ya Anaclet imefutwa, na ndege yake ni wiki ijayo.

"Na ile mama muzee?" Mujinga aliuliza kutoka nyuma.

"Alifungula macho. Hatatembea tena, banasema."

"Asante Mungu alifungula macho," Adrien alisema, na alimaanisha kweli. "Osée. Mwana yangu. Umefanya akili. Hii njo bukubwa. Bukubwa haiko ndevu." Macho yalimjaa maji, akamkabidhi Mujinga simu, akatoka kwenda kununua bia. Walimsikia getini akimsalimia jirani kwa sauti ya juu.

Mujinga aliishika simu karibu na mdomo. "Anaclet alikuambia nini?"

"Hakuniambia kintu."

"Kintu hata kimoja?"

"Alikuya kukusanya bintu byake. Alinipatia blanketi yake, na casserole yake ya kupikia. Alisema nibaki nabyo, juu baridi haiyaisha. Nilibiweka chini ya kitanda. Siwezi kubiangalia."

"Osée, mutoto yangu."

"Mama, dimanche usiniite. Minataka kulala."

"Na dimanche ingine?"

"Tutaona."

Akakata yeye. Miaka yote aliyokaa kule, mama ndiye alikuwa anakata, baada ya kusema kwaheri mara nyingi na kukumbuka jambo jingine, na jingine tena. Mujinga alibaki anatazama kioo cha simu kikizimika. Alikuwa amepata alichokitaka. Diploma ilikuwa inakuja. Alijaribu kuifurahia, kama mtu anayejaribu kumeza kidonge bila maji, na kikakwama.

*

Jumamosi, Adrien akiwa Kasumbalesa kwa lori la mteja, Simone alirudi. Safari hii hakubeba kitu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, na Mujinga alipomwona getini alifikiri: amekuja kunitukana. Alijikuta karibu anatamani iwe hivyo. Atukane, mtaa mzima usikie, iishe. Alimkaribisha ndani, akamkalisha kochini, katikati. Plamedie akaleta chai, akaiweka mezani, akabaki amesimama mlangoni.

Simone hakuigusa chai. "Mama Osée, minakuya kukuuliza kitu kimoja. Usinifiche."

"Uliza."

"Anaclet aliniita jana. Alisema: Mama, Osée aliapa kule ku bureau, anasema sauti ilikuwa ya kwako. Akaniuliza: Mama, ni weye? Nikakosa jibu."

Mujinga alimsogezea kikombe.

"Ile siku nilikunywa ile bière ya Papa Osée. Weye uliniona. Nilikuwa na furaha, Mama Osée, furaha ya namna siyaona tangu ndoa yangu. Kichwa ilikuwa inazunguka. Minakumbuka kucheka. Minakumbuka kupiga mikono. Minakumbuka mutoto yangu anainua ndoo, na nikasema mu roho: angalia, iko na marafiki. Lakini maneno sikumbuki. Nilitafuta, nilitafuta, sikumbuki nilisema nini." Alikuwa anasugua kidole gumba kwa kingine, ngozi yake imekauka kwa mafuta ya kukaangia. "Osée hawezi kuapa bongo. Ule mutoto ninamujua, alikula ku nyumba yangu. Lakini Anaclet naye anasema ilionekana kwake sawa vile ni weye. Hana hakika. Banamupatia mupaka lundi, anaweza kuandika recours, baangalie tena, kama iko kitu ya kusema. Bakisikia kama haikuwa miye, bataanza tena dossier. Njo maana nilikuya. Weye ulikuwa pembeni yangu, na weye haukukunywa."

"Sikukunywa," Mujinga alisema.

"Basi uniambie. Ni miye nilisema batoke inje?"

Nje mtu alipita akiuza makaa, akiita, sauti ikaja na kwenda. Plamedie mlangoni alimtazama mama yake. Binti yule alikuwepo. Ni yeye aliyeegemeza simu kwenye chupa. Mujinga alimwona anafungua mdomo, akamkazia jicho moja tu, lile jicho ambalo watoto wa nyumba ile walilijua, na Plamedie akaufunga. Akageuka, akaenda jikoni.

Lingekuwa neno moja. Mujinga alilisikia kabisa likipanda, likafika kooni, na nyuma yake likaja lingine: Jumatatu. Ofisi itafungua tena faili. Itamwita Osée na kumuuliza kwa nini aliapa uongo, na huyo hatarudishwa tu kwa kosa la maji, atarudishwa kwa kosa la kuapa. Kiwanja kimekwenda. Miaka imekwenda. Na mwanawe, ambaye aliapa kwa sababu mama yake alimwambia sikiliza baba yako, atashuka Luano akiwa mwongo mbele ya kila mtu. Aliutazama uso wa Simone, ulioelekezwa kwake bila kificho chochote, uso wa mtu anayemwamini daktari. Aliuchukia kwa kumwamini hivyo.

"Ni weye," alisema.

Simone alifumba macho.

"Ulikuwa na furaha," Mujinga aliendelea, na sasa maneno yalikuja rahisi, hilo ndilo lilimtisha, jinsi yalivyokuja rahisi. "Haukusema kwa ubaya. Ulisema: mu nyumba banakataza, mutoke inje. Inje ni ya Mungu. Shiye bote tukacheka."

"Inje ni ya Mungu," Simone alirudia polepole, kama mtu anayejaribu nguo ya mtu mwingine. "Miye nilisema vile?"

"Eeh."

"Inafanana na miye." Akatikisa kichwa. "Mama yangu alikuwaka anasema bintu ya namna ile. Eeh. Inafanana." Kisha mabega yakamwangukia, akafunika mdomo kwa kiganja, ule mdomo aliodhani ndio uliofanya kazi yote ile. "Ile mama wa kule hatatembea juu yangu. Mutoto yangu anarudi juu yangu. Na miye nilikuwa naona Osée ni mubaya. Usiku muzima, Mama Osée, nilimulaani mutoto wako mu roho. Nilimulaani kwa jina."

"Acha, Mama Anaclet."

"Hapana. Hapana, nitasema." Alitoa simu yake ndogo ndani ya kitenge, akaitazama. "Nitamuita leo. Nitamuambia asiandike kintu. Nitamuambia: mwenzako alisema kweli, kosa ilitoka mu kinywa ya mama yako, usimukasirikie Osée, umurudishie mukono. Bimalizike muzuri kati yabo. Bakosane juu yangu tena?"

Alishuka kochini. Mujinga alidhani anainuka kuaga, lakini Simone alikuwa anapiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji, kwa shida, goti moja baada ya lingine, akinyoosha kile kitenge cha kanisani kisikunjane. Akaishika mikono yote miwili ya Mujinga.

"Mutoto wako alimuletea wangu njia ya masomo, na miye kinywa yangu ilibakia kiloko tu imuharibishie ya kwake. Unisamehe, Mama Osée."

"Inuka. Tafadhali, inuka."

"Siinuki. Sema kwanza."

Mikono ya Simone ilikuwa ya moto na mikavu. Mujinga alijaribu kuitoa yake, ikashikwa zaidi. Akatazama mlango wa jikoni, akatazama dirisha, akakosa mahali pa kuweka macho, mwishowe akayarudisha kwenye kile kichwa kilichoinama mbele yake.

"Nilisha kukusamehe, Mama Anaclet," alisema.